Mmepuliza kijani juu ya Tendaguru yangu, mmeiyeyusha, halafu salio hamtaki kulipa

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivi hivi, maana nikisubiri zipoe nitaanza kuwatetea.

Kuna taasisi moja huku kwetu kusini. Siitaji, wenyewe wanajijua na wengine wao wanasoma humu. Walinipa kazi ya kutengeneza diorama ya Tendaguru kwa ajili ya meza yao ya maonyesho. Kwa asiyejua, diorama ni mandhari ndogo ya kipimo: ardhi, miti, watu, mashimo, vyote vimepunguzwa kwa uwiano mmoja, ukiinama ukatazama usawa wa macho unajiona umesimama pale pale. Siyo ile maketi ya mchora ramani za nyumba yenye vimiti vya plastiki na gari jekundu getini. Na kazi kubwa ya diorama ni rangi ya ardhi. Watu wanadhani ugumu ni kuchonga vile vitu vidogo. Wapi! Ardhi ikikosewa rangi, hata ukichonga watu wanaopumua, meza nzima inakuwa kichezeo cha mtoto.

Na kwa asiyejua Tendaguru (wapo hata watu wa Lindi wasioijua, ndiyo sababu nilikubali kazi kwa bei ile ya kuonea huruma): ni kilima cha porini mkoani Lindi, kaskazini magharibi ya mji. Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913. Nasema walichimba, lakini walioshika jembe na sururu walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi aliyeaminiwa kuliko wote alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa mguu. Yule mnyama anayesimama Berlin leo, zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, ametoka humo. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake unapita mita 2. Mtu mzima akisimama kando yake, mfupa unamzidi.

Hicho ndicho nilichoombwa nikionyeshe: shimo, wachimbaji, mfupa ukiwa nusu bado ardhini, na wapagazi wanaanza kuteremka na mizigo.

Sasa shikeni neno moja: kiangazi. Kazi ile ilifanyika kiangazi, masika ilisimama. Kwa hiyo nikapaka kiangazi. Nyasi kavu ndefu, miti imepukutisha majani, udongo uliochimbuliwa una vumbi, na upande mmoja nikaweka bato la moto wa nyika, jeusi katikati, kijivu pembeni. Mtu yeyote aliyewahi kupita njia ya Lindi kwenda Masasi mwezi wa 9 anaijua rangi hiyo kwa kufumba macho.

Siku ya kukabidhi, afisa anayesimamia akaizunguka meza, mikono nyuma.

"Fundi, mbona imechakaa?"

"Mama, haijachakaa. Ni kiangazi."

"Sasa wageni wakija wataona kwetu ni jangwa? Weka kijani bwana, ipendeze. Na huu wekundu wekundu punguza."

Nikamweleza. Nikaeleza tena. Akaniambia ataongea na wenzake. Nikaondoka na nusu ya malipo, salio wakasema litafuata. Nilichopigiwa simu nikione baadaye kimenikosesha usingizi.

Walimtafuta kijana na makopo ya rangi ya kupuliza, ile ya kupulizia rimu za pikipiki. Wakapuliza kijani. Kijani cha jezi ya Yanga, wakuu. Na mimi ni Yanga damu, msinielewe vibaya, lakini jezi ni jezi na kilima ni kilima. Nyasi kijani, udongo wa shimoni kijani, shina la mti kijani, mpagazi mmoja kijani kiunoni kushuka chini. Halafu kinang'aa!

Na bado. Chini ya ile ngozi ya karatasi, gundi na jipsamu, kilima changu kimejengwa kwa yale maboya meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la friji au tivii. Yanakatika vizuri, hayana uzito, na ndivyo wanavyofanya mafundi wa kazi hii dunia nzima. Lakini kila fundi anajua: rangi ya kupuliza ina viyeyusho ndani yake vinavyokula yale maboya. Tina vile vile, peteroli vile vile. Ndiyo maana kazi yangu yote juu ya kilima ilikuwa ya rangi ya maji tupu. Dawa ya huyo kijana ilipopenya kwenye mianya ya ngozi, kilima kikaanza kujikunja kutoka ndani. Ukingo wa shimo umeporomoka. Mfupa umezama. Wapagazi watatu wamedidimia hadi magotini kwenye uji wa kijani, na uji umekauka.

Eti sasa barua imekuja: kazi haikukidhi viwango kwa kuwa "rangi zimechuja", salio halitalipwa.

Zimechuja? Hebu niwaeleze kilichokuwa chini ya hiyo kijani yenu.

Wekundu wa udongo wangu sikuununua kwenye kichupa cha watoto wa shule. Ni ule unga mwekundu wanaochanganya na saruji kupaka sakafu, upo kila duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara. Ule unga ni oksidi ya chuma, yaani kutu, na ndiyo hiyo hiyo inayoupa wekundu udongo wa Newala na Tandahimba. Kutu haichuji kwa jua. Ingekuwa inachuja, uwanda wote wa Makonde ungekuwa mweupe leo.

Kilichowafanya mseme zimechuja ni kazi niliyoifanya makusudi. Uwiano wangu ni 1 kwa 72. Mtu wa sentimita 170 kwangu ana sentimita 2 na ushee. Ukisimama nusu mita kutoka mezani, ni sawa na kuitazama Tendaguru yenyewe ukiwa mita 36. Na kitu ukikitazama mita 36, hewa na vumbi na mwanga vimeshaipunguza makali rangi yake. Nenda nje sasa hivi, tazama mwembe wa jirani kisha chukua jani lake ulishike mkononi. Jani la mkononi ni kali, mwembe wa mbali umepoa. Kwa hiyo kila rangi ya diorama unaitia kidogo nyeupe, au kijivu, au rangi ya vumbi, kabla hujaipaka. Ukipaka rangi kama ilivyo kwenye kopo, jicho linajua papo hapo kwamba linatazama kitu kidogo. Halijui kwa nini, lakini linajua.

Kung'aa nako ni hivyo hivyo. Ardhi kavu haing'ai. Kinachong'aa kwenye diorama ni maji tu, na hapo ndipo unapotumia vanishi, matabaka membamba moja juu ya jingine. Kilima kikimeremeta chini ya taa za maonyesho, hata mtoto wa chekechea anaona ni plastiki.

Sasa tabaka zenyewe. Msingi nilipaka kahawia iliyokolea. Siyo nyeusi, nyeusi inaua kila kitu kitakachokuja juu yake. Ikikauka, naosha: rangi nyepesi sana, maji mengi, unaimwaga na kuiacha ijitafutie njia kwenye mianya na nyufa. Kivuli kinajichora chenyewe. Kisha brashi kavu. Unachovya brashi, unaifuta kwenye kitambaa mpaka unadhani haina kitu, ndipo unaipitisha juu juu, inashika vichwa vya mawe na kingo za shimo peke yake. Unarudia kwa rangi nyepesi zaidi, kidogo kuliko mwanzo. Kuta za shimo zilikuwa na hadithi yake, maana udongo wa Tendaguru hauna rangi moja: kuna mwekundu wa kuiva, kuna wa kijivu unaoelekea ukijani (ndiyo, mama, kijani ilikuwepo, ila mahali pake), kuna mchanga mchanga. Kila tabaka nililipaka peke yake, kisha nikaziunganisha kwa vumbi moja.

Vumbi lenyewe ni udongo halisi. Niliiomba taasisi nauli nikauchukue kule kule, wakaniambia kuna picha nyingi mtandaoni. Nikaenda kwa hela yangu. Wenzetu wa makumbusho ya New York walipotengeneza ule ukumbi wa wanyama wa Afrika wa Carl Akeley, uliofunguliwa 1936, waliwaleta wachoraji mpaka Afrika wakae mbele ya mlima wenyewe na brashi. Mimi nimenyimwa nauli ya basi.

Na udongo huuchukui ukaumwaga tu. Punje ya milimita 1 kwenye kipimo changu ni jiwe la sentimita 7, kwa hiyo unachekecha kwa soksi ya nailoni mpaka unabaki na unga. Unaukaanga kwenye sufuria, la sivyo koga itaota ndani ya gundi. (Mchanga wa pwani unausuuza kwanza, chumvi yake hutoka nje baadaye na kuweka ukungu mweupe.) Na ukishalowa gundi, udongo unakolea na haurudi kama ulivyokuwa, kwa hiyo juu yake lazima upake tena. Wale wanaosema "si umwage tu udongo wa Tendaguru uwe rangi ya Tendaguru" hawajawahi kumwaga.

Nyasi ni nyuzi za kamba ya katani. Lindi na katani ni ndugu wa zamani, nani atanipinga. Nyasi ya mita moja kwangu ni milimita 14, unakata, unasimamisha vifungu kwa gundi ya mbao, kimoja kimoja. Katani ikiwa mpya ina weupe mno, nikaipitishia rangi ya maji ya manjano ya udongo yenye kijivu kidogo. Majani yaliyopukutika chini ya miti ni makapi ya chai niliyoyakausha. Mke wangu alikuwa anakunywa chai kwa ratiba yangu.

Juu ya hayo yote, pssss, kopo la pikipiki.

Na hii haikuanza kwao. Kabla ya hapo nilitengeneza shamba la mikorosho kwa mteja mwingine, la msimu wa kupuliza salfa. Nikapiga unga wa njano hafifu juu ya majani, upande upepo unakoelekea, kama ilivyo kweli wakati watu wanapambana na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mteja, mkulima wa korosho mwenyewe, akaniambia niifute, inaonekana chafu. Mtu amepuliza salfa maisha yake yote, analala nayo kwenye kope! Nyingine ilikuwa kijumba cha Mikindani cha mawe ya matumbawe, nikapaka makuti ya kijivu kwa sababu makuti yakikaa yanakuwa kijivu, na chini ya dirisha nikashusha mchirizi mweusi wa mvua. Nikaambiwa niweke makuti mapya na ukuta niupake chokaa. Sijui tunakwama wapi. Tunakanyaga udongo huu kila siku, tukiuona mezani tunaona aibu, tunataka nyasi za uwanja wa gofu.

NYONGEZA: Naona maoni yanamiminika. Nawajibu wachache.

Aliyeuliza kwa nini sikuandika mkataba: mkataba upo, umesainiwa, na unasema "mandhari halisi ya Tendaguru wakati wa uchimbaji". Neno halisi limo. Nimeshapeleka kwa mtu anayejua sheria.

Anayesema mteja ni mfalme: mteja angeniambia mapema anataka masika ningempa masika. Ningepaka kijani, tena kijani za aina nyingi, maana hata masika huku majani machanga ya miti mingine yanatoka na wekundu. Ila angekosa wachimbaji, kwa sababu masika hawakuwepo.

Anayecheka kuhusu dinosaria wa plastiki: ndiyo, ni kweli, nilitaka kuliacha hilo. Waliongeza dinosaria wawili wa dukani, mmoja zambarau, wakawasimamisha kati ya wapagazi. Wanyama waliokufa miaka milioni 150 hivi iliyopita wanawasaidia Boheti na wenzake kubeba mifupa yao wenyewe. Sina la kusema.

Meza nimerudishiwa kwa bajaji, iko barazani kwangu hapa Chuno. Salio nalidai kwa njia zake, hilo nyie niachieni. Ninachotaka kutoka kwenu ni kimoja. Nimeamua kukata upande wote ulioyeyuka na kuujaza upya, lakini wale wapagazi watatu siwezi kuwatupa, nyuso zao zimenichukua muda. Wamekamatwa magotini na rangi iliyokauka pamoja na maboya. Tina msiniambie, peteroli msiniambie, itakula kilichobaki. Kisu cha moto kinaogopesha kwa sababu miguu yao ni waya mwembamba uliovikwa udongo wa kuchongea. Mwenye uzoefu wa kung'oa kitu kama hicho bila kukivunja aweke hapa, na aseme ametumia nini.