Tairi la mbele laliwa upande mmoja: ninunue mapya, nifanye alaimenti au nibadilishe bushi?

MadafuNaMbata
Salaam aleikum wenzangu. Pikapu yangu yala tairi upande. Fundi wa kwanza asema alaimenti, yaani kupanga magurudumu yakae sawa. Wa pili asema bushi, zile mpira za kwenye maungio, zimekufa. Duka la matairi wanambia ninunue mawili, Sh 19,000 kila moja, na alaimenti watanifanyia bure. Pesa ninayo ya jambo moja tu, na Jumamosi nina mzigo. Nifuate lipi?

Fundi_Mikindani
Waleikum salaam. Kaka, hapo hujatueleza kitu. Gari gani, la mwaka gani? Tairi la kushoto au la kulia? Laliwa ndani, nje, au katikati? Wabeba nini, njia gani? Mara ya mwisho upepo ulipimwa kwa geji lini, na ulikuwa ngapi? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia ugonjwa wa gari lake mwenyewe.

BabaZuu
Mimi nasema usinunue mapya kwa bei hiyo. Tafuta mitumba ya Japani, meno bado marefu, nusu ya bei. Natembelea hayo mwaka wa tano sasa, Mombasa hadi Lunga Lunga, sijapasukiwa hata siku moja.

Spea_Shimanzi
BabaZuu, mitumba ukinunua soma ubavuni kwanza. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Meno yaweza kuwa marefu na mpira umeshakauka, ukilikunja waona nyufa. Lakini hilo si swali lake. Tairi lolote akitia, jipya au mtumba, litaliwa vilevile kama chanzo kiko palepale.

MadafuNaMbata
Samahanini. Ni Hilux ya injini ya 2KD, ya 2009, kebini moja. Nabeba madafu Kaloleni hadi Kongowea, mara tatu kwa wiki. La mbele kushoto laliwa upande wa ndani, limeshakuwa kipara upana wa vidole viwili. La kulia limeanza kidogo, ndani vilevile. Usukani haupigi, gari halivuti. Upepo aliutia kijana wa pancha wiki mbili zilizopita, aliangalia kwa jicho.

Dereva_Mazeras
Madafu mangapi kwa safari?

MadafuNaMbata
Mia sita. Msimu ukichanganya, mia saba.

Dereva_Mazeras
Basi jibu ndilo hilo. Dafu bichi lenye maji halipungui sana kilo mbili. Mia sita ni kama tani moja na kilo 200, na gari hilo limeundwa kubeba kama tani moja. Nyuma lainama, pua yainuka, magurudumu ya mbele hayakai tena kama yalivyopangwa. Punguza mzigo kwanza.

Fundi_Mikindani
Mzigo wachangia, sikatai. Lakini mzee, mzigo hauchagui kushoto ukaacha kulia. Ngoja nieleze ninavyosoma tairi.

Likiliwa kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiwa na mabonde ya hapa na pale kama limeng'atwa, tazama shoki na balansi. Likiliwa ukingo mmoja, kuna mambo mawili. La kwanza ni mwelekeo: magurudumu yametazamana au yametazama nje kuliko inavyotakiwa. Hilo walijua kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Ukienda ni laini na ukirudi yakukwaruza kama msumeno, ni mwelekeo. Kama ni laini kote kote lakini ndani kumeisha, ni kemba: tairi limelala, kichwa chake kimeingia ndani, latembelea ukingo. Hapo shuku springi zilizochoka, bushi za mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwa chini), au boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono.

Sasa piga jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, usipige kwenye chesisi. Tairi likining'inia, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ulitikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi. Ukibaki, ni boljointi au bushi. Kisha lishike kushoto na kulia: likicheza hapo tu, tazama tairodi, fimbo ya usukani. Dakika kumi kazi yote, na hulipi mtu.

Bint_Kisauni
Naomba nisimulie yangu, kwa sababu ni gari lilelile na upande uleule. Mimi nabeba samaki kutoka Kilifi na Mtwapa, barafu yayeyuka, maji ya chumvi yadondoka chini ya gari kila safari. Mwaka 2021 nilinunua matairi mawili mapya, gereji moja ya hapa mjini wakanifanyia alaimenti. Kijana akanipa karatasi ya kompyuta, nikaikunja nikaitia kwenye dashibodi. Usukani umenyooka, gari halivuti, nikaridhika.

Miezi mitatu baadaye nikiwa kituo cha petroli, kijana wa upepo akapitisha mkono nyuma ya tairi la kushoto, akautoa una damu. Waya zimetokeza. Na kwa nje meno yalikuwa yamesimama kama siku niliyolitoa dukani! Ndiyo maana sikuona, kila asubuhi nalitazama kwa nje.

Nikaitafuta ile karatasi. Mstari wa kemba ya kushoto ulikuwa mwekundu kabla ya kazi, na mwekundu baada ya kazi. Walirekebisha mwelekeo peke yake. Hilux hii kemba yarekebishwa kwa bolti za mkono wa chini, na zangu zilikuwa zimeganda kwa kutu ndani ya chuma cha bushi. Hazikuzunguka, wakaziacha, wakachukua pesa, hawakunambia neno. Fundi wa pili alilala chini ya gari siku nzima na grenda, akazikata, akatoa mkono wote, akatia bushi mpya na bolti mpya zilizopakwa grisi. Nililipa zaidi ya bei ya tairi. Lakini matairi niliyotia baada ya hapo yaliisha sawasawa, kote.

Kwa hivyo hiyo alaimenti ya bure, waulize kwanza: bolti zazunguka?

Spea_Shimanzi
Bint_Kisauni umesema kweli. Pwani hii hizo bolti nauza kila wiki, na wanaonunua wengi wanakuja na zilizokatwa.

BabaZuu
Mbona hakuna aliyetaja naitrojeni? Tia naitrojeni, tairi halipati joto, laliwa polepole.

Fundi_Mikindani
Shekhe, upepo wa kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Kemba haiponi kwa hewa. Atie upepo tairi likiwa baridi, afuate namba zilizobandikwa mlangoni kwa dereva, ya mzigo na ya bila mzigo.

BabaZuu
Mimi nimeona faida kwa macho yangu. Safari ndefu tofauti ni kubwa.

Dereva_Mazeras
Ulizoea kupima kila wiki baada ya kutia naitrojeni, ndiyo faida uliyoiona.

MadafuNaMbata
Nimerudi. Nimefanya jioni hii na mdogo wangu. Kiganja: laini kote kote. La kushoto lacheza juu na chini, na breki ikikanyagwa bado lacheza. Nikimulika tochi naona mpira wa boljointi umepasuka na grisi imekauka nyeusi. Bolti za mkono wa chini nimezitia mafuta, nikatia spana na bomba la futi tatu. Hazikutikisika hata kidogo.

Spea_Shimanzi
Njoo na boljointi ya zamani mkononi, usinunue kwa kutaja jina la gari tu.

Fundi_Mikindani
Boljointi usingoje, ikichomoka njiani gurudumu lalala. Kuhusu bolti, tupigie picha ya upande wa nyuma. Huenda moja tu ndiyo iliyoganda.

MadafuNaMbata
Mzigo wa Jumamosi nimempa binamu yangu. Picha nitaileta asubuhi kukipambazuka. Bado sijaamua kuhusu tairi. Hilo la kushoto laweza kumaliza mwezi nikilipeleka nyuma?

Bint_Kisauni
Pitisha kidole ukingo wa ndani polepole. Ukigusa waya, usilipeleke popote.

Mkaazi_wa_Jomvu
Samahani nadandia hapa hapa. Isuzu yangu yala matairi ya nyuma katikati, yote mawili. Nimeambiwa ni difu, gia za ekseli ya nyuma. Kweli?

Fundi_Mikindani
Wabeba nini, na upepo watia ngapi?