Naomba ushauri: sakafu ya Volkswagen Beetle ya 1972 imeliwa na kutu

Ndugu wanachama, habari za kazi. Nipo Dodoma, ninafufua Beetle ya 1972 ambayo sakafu yake imetoboka upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, mahali inapokaa betri, na kutu imeanza kusogea kwenye boksi za pembeni chini ya milango. Nimesugua kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu, lakini bati limebaki jembamba mno. Fundi mmoja anashauri tuchomelee kiraka juu yake. Mimi nahofia kiraka hicho kitanasa maji na kuozesha zaidi. Je, nikate sehemu yote iliyooza na kuchomelea bati jipya la milimita 1.2? Na je, ni lazima bodi inyanyuliwe kwanza?