Naomba ushauri: kijarida cha fotokopi kuhusu panki na metali ya Nairobi

Wadau, hamjambo. Naandaa kijarida cha kujitengenezea kuhusu bendi za panki na metali za hapa Nairobi, zile ambazo redio hazizigusi. Kurasa za kati ni za Duma, wale wawili waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mfano wangu ni Sniffin' Glue, kijarida cha panki ambacho Mark Perry alikianzisha London mwaka 1976 kwa taipureta na fotokopi. Kwa hiyo msinielekeze kwa mtu wa kompyuta. Nataka makasi, gundi na kalamu nene.

Mpangilio nimeuelewa: karatasi 4 za A4 zikikunjwa zinatoa kurasa 16, ukurasa wa 1 unakaa ubavuni mwa wa 16, na nyuma yake wa 2 na wa 15. Kinachonisumbua ni picha. Nyingi zilipigwa ukumbini gizani, na zikipita kwenye mashine uso wa mwimbaji unageuka masizi, yanabaki meno na maikrofoni. (Panki kweli, lakini mama yake angependa kumtambua.) Je, nizigeuze ziwe za vinukta, kama picha za gazeti, kabla ya kutoa kopi, au nipunguze tu weusi mashineni?

Halafu stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Niazime ile ya mkono mrefu, au nishone kwa sindano na uzi?

Na mashabiki wanaoonekana kwenye umati, niwatafute niwaombe ruhusa, au nizibe macho yao kwa utepe mweusi?