Paterni za yunifomu kwa PDF: Gumroad, Selar, ama WhatsApp tu?

FundiJericho
Habari wadau. Nashona yunifomu Uhuru Market, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila Januari mafundi wa mashambani hunipigia wakiomba paterni za gauni la marinda na kaptula, nami huzipiga picha nikawatumia bure. Sasa nimeamua kuuza. Kuna kijana anataka 18,000 anitengenezee tovuti, na dipoziti anaitaka Ijumaa. Mwingine ananiambia Gumroad, mwingine Selar, zile tovuti za kuuzia faili, bibi yangu anasema WhatsApp inatosha. Nishike ipi?

NyuziSita
Mkuu, umeuliza bei ya gari bila kusema litabeba abiria ama mawe. Unauza pesa ngapi? Wateja unao wangapi? Wana kadi ya benki ama M-Pesa pekee? Kurasa ngapi? Usipojibu, kila mtu atakutajia anachotumia yeye.

KwaMkebe
Amazon. Unaweka mara moja, pesa inaingia ukiwa umelala. Bei ya kitabu ikiwa kati ya dola 2.99 na 9.99, unaweza kubaki na asilimia 70.

NyuziSita
Umeona? 😂 Hiyo 70 ni kabla ya kodi. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mrabaha wa mauzo ya kule unakatwa asilimia 30. Tena Kindle, kisomeo cha vitabu cha Amazon, hupanga maandishi upya kufuata ukubwa wa skrini. Riwaya haina shida. Kwapa la shati likipangwa upya utalivaa wewe.

FundiJericho
Samahani, nilikuwa na mteja. Bei nafikiria 500 kwa vazi moja, saizi zote. Mafundi nilio nao kwa simu ni kama sitini, wengi Kitui, Machakos na Murang'a. Wenye kadi labda wawili. Ni kurasa 24 za A4, unachapa unaunganisha na selotepu.

Mama_Kitenge
Basi Gumroad itoe. Wanakata asilimia 10 pamoja na senti 50 za dola kwa kila mauzo. Kwa 500 yako hiyo ni 50, ongeza kama 65, yaani 115 imeenda. Na mnunuzi analipa kwa kadi. Utamwambia fundi wa Kitui afungue ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, GlobalPay, ndiyo anunue kola? Mimi niko Selar. Ni ya Wanigeria lakini Mkenya analipa kwa M-Pesa, faili inamfikia hata kama niko kanisani. Nao wana makato yao, yasome kabla hujapanga bei.

MzeeKaki
Wateja sitini unawajua kwa majina na mnatafuta duka la Mnigeria? Kata paterni kwa manila, funga na kamba, peleka stejini Tea Room, matatu inafikisha. Huyo fundi akichapa kurasa 24 saiba kwa shilingi kumi kumi, ni 240 juu ya 500 yako. Heri umuuzie karatasi iliyo tayari kwa 700.

FundiJericho
Mzee wangu, nikianza kukata kwa mkono ni kazi ileile nimejiongezea. Nataka kitu nichore mara moja.

BabaOvaloki
Mnabishania duka, bidhaa hamjaitazama. Ngoja niwaambie yaliyonipata.

2022 niliuza paterni ya koti la shule kwa WhatsApp, 300 tu. Mama mmoja wa Thika akanunua, akaenda saiba. Kijana wa saiba akaona mistari ya ukingoni inakatwa, akaiambia printa iminye ukurasa ili uenee. Kurasa zikaungana alama kwa alama, safi kabisa, kwa sababu zote zilipungua sawasawa. Nani angejua? Mama akakata vitambaa vya makoti 40, oda ya shule. Kifua cha 32 kikatoka 30 na kitu.

Alinipigia saa moja asubuhi, hakusalimia. Nikamwambia kosa ni la saiba. Akaniuliza, "Ni wapi umeandika wasiminye?" Nikafungua PDF yangu. Sikuwa nimeandika popote. Kufikia mchana namba yangu ilikuwa kwa grupu ya mafundi, na neno "mwizi" mbele yake. Nilimrudishia 300, nikalipa nusu ya kitambaa, 9,400. Yaani hayo ndiyo yalikuwa mauzo yangu ya mwezi huo.

Siku hizi ukurasa wa kwanza nachora mraba wa sentimita 10, na chini yake: PIMA HUU KWA RULA KABLA HUJACHAPA KURASA ZINGINE. Na bado wako wasiopima.

Mama_Kitenge
Pole sana. Ndiyo maana mimi huongeza video.

NyuziSita
Video ya dakika 40 fundi ataitazama na bando ya nani?

Mama_Kitenge
Dakika sita. Usinipandishie sauti hapa.

NyuziSita
Haya mama, nimeshuka. FundiJericho, andika jina na namba ya mnunuzi kila ukurasa. Haizuii kuforwadi, lakini mtu huona haya kusambaza kitu chenye jina lake. Na faili usitume kwa kuangalia tu meseji ya M-Pesa, kuna watu hulipa, wakishapata kitu wanatuma meseji 456 kuomba pesa irudi.

KwaMkebe
Si asajili tu paterni KECOBO, ile bodi ya hakimiliki?

NyuziSita
Hakimiliki anayo tangu alipochora, kusajili ni ushahidi. Lakini mchoro ndio wake. Marinda si yake.

Kiota_Kitupu
Biashara ya kuuza miongozo mimi huiogopa tangu ule wakati kila mtu alikuwa anafuga kware. 2014 nilinunua mmoja, hata leseni ya KWS, wale wa wanyamapori, uliitaja. Ulieleza kila kitu isipokuwa nani atanunua mayai.

MzeeKaki
😂😂 Aliyeuza mwongozo alijenga?

Kiota_Kitupu
Sijui alijenga. Mimi nilikula kware mpaka watoto wakagoma.

FundiJericho
Wadau, nimetoka saiba hapa nyuma ya soko. Nilichora ule mraba nikachapa. Umetoka 9.6.

BabaOvaloki
Ulimwambia asiminye?

FundiJericho
Nilimwambia. Anasema printa yake ndivyo ilivyo. Kijana wa tovuti nimemwambia asubiri kwanza.

MzeeKaki
Manila haina printa.

Mama_Kitenge
Na wale wa kuchapa ramani za nyumba hapo mjini? Karatasi moja kubwa, hakuna selotepu.

FundiJericho
Kitui wako wapi hao?

KwaMkebe
Mkiwa bado hapa, kuna mtu anauza Juki ya mtumba? Ya kushona, si ovaloki. Bajeti elfu 25.

BabaOvaloki
Ya mota ama ya mguu? Uko mtaa gani?