Masta ya grafiki ya kompyuta: nianzie wapi?

Wa Kadutu: Wakubwa, nina lisansi ya informatiki, niko Bukavu. Nataka masta ya grafiki ya kompyuta. Mashine yangu haina kadi ya grafiki, na umeme unarudi usiku wa manane. Nianze na Blender, ile programu ya kuchora vitu vya 3D?

Yaya wa Ibanda: Mdogo wangu, Blender ni ya bure, lakini masta si kuchora. Ni hesabu: vekta (mishale yenye urefu na mwelekeo), matrisi (majedwali ya namba) za 4 kwa 4. Andika mwenyewe programu ya kufuata miale ya mwanga ili kutoa picha, mfano ya tufe. Kwa picha ndogo prosesa inatosha. Tufe langu la kwanza lilitoka jeusi tii, nilisahau alama ya kutoa kwenye mwelekeo wa mwanga!

Papa Muhungu: Fanya kwa kalamu hesabu ya mwanga ya Phong (1975), ile inayoonyesha kila sehemu ya kitu ing'ae kiasi gani. Karatasi haingoji umeme.

Wa Kadutu: Aksanti yaya, aksanti papa. Tufe limetoka. Jeusi.