Miaka sita udaktari wa mifugo Rungwe, sasa kampuni inaniita Dar. Niende?

Gambuti
Wakuu, salaam. Nilimaliza BVM, shahada ya udaktari wa mifugo, pale SUA, chuo cha kilimo Morogoro, nikaja Tukuyu kujiajiri. Mwaka wa sita huu naishi kwa pikipiki na simu isiyozimwa. Kuna kampuni ya dawa za mifugo inanitaka Dar: mshahara, gari, bima. Mke anasema hapo hakuna cha kuuliza. Mimi usingizi sina.

Wiki iliyopita niliitwa saa nane usiku. Mtamba wa Frizian, uzao wa kwanza, kichwa cha ndama kimegeukia ubavuni. Mvua, na tochi ya simu kashika mtoto wa darasa la nne. Nikavua shati, nikajipaka sabuni hadi begani, nikamrudisha ndama ndani kidogo nipate nafasi, nikaanza kutafuta taya kwa vidole. Kila mama akisukuma, mkono unakufa ganzi. Ndama alitoka hai, jike. Malipo: mkungu wa ndizi na "daktari, maziwa yakianza nitakutumia elfu thelathini na tano."

Hiyo ndiyo siku nzuri. Mbaya ni ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe: nafika, mwenye ng'ombe keshamdunga OTC, antibayotiki ya kawaida ya dukani, siku nne, matezi chini ya masikio kama mayai, povu puani, mapafu yamejaa maji. Nadunga dawa yenyewe ya ndigana nikijua nimechelewa. Akifa, kijiji kinasema kauawa na sindano ya daktari.

Na mwaka juzi niliugua bruselosi, homa inayotoka kwa mifugo, nadhani ni kondo la nyuma nililotoa siku glovu zimeisha. Nilimezeshwa dawa za malaria mara mbili, mpaka nilipoomba mwenyewe nipimwe.

Chaka la Kati
Afadhali yako, mgonjwa akifa unaalikwa supu 😂

Gambuti
Ng'ombe wa OTC siku nne? Supu hiyo kunywa wewe.

Mama Mtindi
Kaka daktari, nina ng'ombe watatu. Dukani naingia na elfu tano natoka na dawa. Wewe nikikupigia, bei naijua ukishafika na kazi imeisha. Andikeni bei zenu.

Mzee wa Josho
Kijana, enzi zetu ukimaliza chuo serikali inakupangia wilaya, mfugaji halipi kitu. Watu wakazoea daktari ni wa bure, si dharau hiyo. Ukienda kesi moja moja utazeeka unadai. Tafuta wafugaji wanaopeleka maziwa kituo kimoja, chako kikatwe kwenye maziwa. Na chanjo ya ndigana, ile ya kwenye mtungi wa naitrojeni, ikishayeyuka inatumika siku hiyo hiyo. Kusanya ndama wa kijiji kizima kwa mkupuo, la sivyo unamwaga hela.

Sindano Mkononi
Nilifanya kazi kama hiyo, kampuni nyingine. Mshahara tarehe yake haukosi, nisikudanganye, ni raha. Ila ni kukimbizana na malengo ya mauzo, leo Singida kesho Shinyanga. Mwaka wa tatu shemeji aliniomba nimshonee mbuzi jeraha, mikono ikatetemeka. Nikajenga, nikatoka. Soma mkataba: ukiacha kazi, unazuiwa kuuza dawa kwa muda gani?

Gambuti
Shukrani wote. Da Sindano, kifungu hicho kipo, mwaka mzima, sikukiona! Mama Mtindi, bei nimeziandika kwenye kipande cha boksi nikabandika pale dukani. Kuzalisha elfu arobaini, mnicheke. Mzee, Jumamosi naonana na mwenyekiti wa kituo cha maziwa. Dar nimewaomba wiki mbili.

Yule wa ndizi katuma elfu kumi leo. Nimemuuliza hali ya ndama, anasema anaendelea vizuri, wamempa jina la mke wangu. Hilo nyumbani bado sijalisema.