Mrejesho: Maji ya kisima yaliyoua samaki wangu wa mapambo, Ujiji

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini samaki wangu walikufa kila nilipoongeza maji ya kisima kwenye tangi. Maabara imekuta amonia (kemikali itokanayo na mkojo na kinyesi kinapooza), vimelea vya kinyesi, na naitreti (kemikali nyingine ya uchafu huo, iliyoyeyuka majini) zaidi ya miligramu 50 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Choo cha jirani kiko hatua chache tu, upande wa juu wa mteremko. Amonia huwa sumu kali zaidi katika maji yenye alkali (kinyume cha asidi), ambayo samaki wa Ziwa Tanganyika huyahitaji. Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini kuchemsha maji hayo kunatosha kuyafanya salama, kumbe naitreti hubaki na hata kukolea, jambo la hatari hasa kwa watoto wachanga. Maziwa ya mjukuu sasa tunayakoroga kwa maji ya chupa. Samaki wamebaki watatu.